NYUMBA NA JAMAA: Bima Hailipi Kazi ya Mchwa

Askari huhama, lakini nyumba yake haihami. Leo yuko kambi hii, mwakani ametumwa mbali, na akiba yake ya miaka mingi imesimama kule Busia au Tororo katika umbo la matofali, mbao na mabati. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Wala haiui mchwa. Kwa hiyo juma hili twawaomba mama wa nyumba na mumewe wakae pamoja, waitoe hati ya bima sandukuni, waisome mpaka mwisho.

Wengi hudhani kwamba aliyelipa ada ya bima amejikinga na kila hasara. Sivyo. Bima ya nyumba huwekwa kwa ajili ya ajali za ghafla, kama vile moto, radi, dhoruba na wizi wa kuvunja, kwa kadiri hati ilivyoandikwa. Hasara inayokuja polepole huhesabiwa kuwa ni upungufu wa matunzo. Ndiyo sababu hati nyingi huondoa kwa maandishi madhara ya wadudu, panya na viumbe wengine waharibifu. Kenchi zikiliwa na mchwa hata paa likainama, mwenye nyumba hubeba gharama mwenyewe. Kinyesi cha popo kikiozesha dari, vivyo hivyo.

Panya akitafuna waya wa umeme na nyumba ikashika moto, waya haulipiwi. Lakini moto kwa kawaida hulipiwa, kwa kuwa moto ndio uliokatiwa bima. Muulize wakala jambo hili kabla ya kutia sahihi, naye akujibu kwa maandishi.

Yako masharti mawili yanayowahusu hasa jamaa za askari na polisi. La kwanza, hati nyingi hupunguza kinga iwapo nyumba itakaa bila mtu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30. Familia ikimfuata baba kambini, kampuni iarifiwe kwa barua, na nakala ihifadhiwe. La pili, Busia ni mji wa pande mbili za mpaka. Bima ikatwe kwa kampuni yenye leseni ya nchi ambamo nyumba imesimama.

Je, Serikali haitoi fidia? Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, na ile ya Uganda ya mwaka 2019, zimeweka fidia, lakini kwa madhara ya wanyama waliotajwa katika orodha zake, kama ndovu, nyati, kiboko na mamba. Kiboko akitoka ziwani upande wa Port Victoria akaharibu mali, mwenye mali atoe taarifa upesi kwa maofisa wa wanyamapori, kabla alama za nyayo hazijafutika. Mchwa, panya na popo hawamo katika orodha hizo.

Basi ulinzi wabaki mikononi mwetu. Katika nchi yetu hii ya mpakani, kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ni mali. Mvua zikinyesha, watoto hungojea kumbikumbi kwa furaha. Lakini kichuguu kilichokaribia ukuta ni adui aliyekwisha kuvuka mpaka. Kitunzeni kilicho shambani, kilicho karibu na msingi kichimbwe mpaka malkia apatikane.

Mbao zipakwe dawa kabla ya kuezeka. Kuni zisiegemezwe ukutani. Kila mwezi mtu apande darini na taa, agonge kenchi kwa nyundo. Zinazolia kama debe tupu zimekwisha kuliwa ndani. Vijia vya udongo vikionekana ukutani, msingoje likizo ya baba. Mahindi yawekwe ghalani, si chumbani, na miguu ya ghala ivikwe mikinga ya bati ili panya wasipande. Mashimo ya popo yazibwe usiku baada ya wao kuruka, wakati wasipokuwa na watoto. Kinyesi chao kilowanishwe kwanza ndipo kifagiliwe, na mfagiaji afunike pua na mdomo.

Aliye mbali amwachie ndugu anayeaminika ufunguo, nyundo na taa, pamoja na fedha kidogo ya dawa. Fedha hiyo ni ndogo kuliko bei ya paa jipya.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.