Indianapolis walikataa kukimbia: kwa nini motari wa Nundu asikatae?

Vijana wetu wa Nundu wanapenda sana kuangalia mashindano ya magari ya mbio ndani ya simu. Wanajua majina ya madereva, wanabishana juu ya injini mpaka usiku. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunawaomba waangalie chini kidogo, pale gari inapogusa njia. Ile mashine yote, na nguvu zake zote, inashikwa na vipande vine vya mpira tu.

Tarehe 19 Juni 2005, kule Indianapolis, Marekani, kulipita jambo ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulijua. Siku mbili mbele, tairi ya nyuma ya Ralf Schumacher iliharibika kwenye kona ya 13, gari ikagonga ukuta. Ile kona njia yake imeinama, magari yanaipita kwa mbio kubwa, uzito wote unakandamiza mpira. Michelin ilichunguza, kisha ikaambia timu zake saba wazi kabisa kama haiwezi kuhakikisha usalama wa tairi zake pale. Wakaomba mwendo upunguzwe kwenye kona, wakubwa wa mchezo wakakataa. Basi magari 14 yalifanya mzunguko wa kujipanga, yakaingia gereji. Yakabaki 6. Watu walizomea sana, lakini hakuna dereva aliyezikwa.

Huku kwetu, motari akisema mpira umeisha, patroni anamwambia ni mwoga, funguo anapewa mwingine. Wachimbaji wanaopanda kamio kutoka Baraka kwenda Misisi wanajua vile tunasema. Ukiuliza juu ya tairi, unaambiwa shuka, wengine wanangoja nafasi yako.

Tairi si duara nyeusi tu. Ubavuni mwake kuko maandishi. Ukiona 47P kwenye tairi ya pikipiki, 47 maana yake inabeba kilo 175, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa tufanye hesabu: motari na wateja wawili, tuseme kilo 195, gunia la kilo 50, na pikipiki yenyewe inapita kilo 100. Hizo ni karibu kilo 350, na sehemu kubwa inaangukia tairi ya nyuma. Kuko pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Mpira unazeeka hata kama umelala ndani ya depo, na Michelin yenyewe inasema ukifika miaka kumi utolewe. Wauzaji wa tairi za okazo wanapaka rangi nyeusi inayong'aa, lakini namba hazidanganyi.

Mwingine atasema: mbona magari ya mbio yanatembea na mipira laini, bila meno? Ni kweli. Ile imetengenezwa laini makusudi, kwa njia kavu, na mvua ikinyesha wanaibadilisha haraka, wanaweka yenye mifereji ya kutupa maji. Yetu ni laini juu imekwisha, na mvua ikinyesha tunaendelea nayo ndani ya matope. (Na wale wanaotamani janti pana na tairi nyembamba za magari ya fahari: shimo la kwanza kabla ya Mboko litavunja janti. Janti ya nyaya ya pikipiki ikipinda, fundi ananyoosha.)

Kukataa si uasi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mbele ya hatari kubwa ya karibu. Tangu Juni 2022 ule mkataba umewekwa kati ya ile ya msingi. Sheria yetu ya kazi ya 2002 nayo inamtaka mwajiri aangalie usalama wa watu wake.

Tunaomba kitu kidogo. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, shoferi na mjumbe mmoja wa wachimbaji wazunguke gari, waangalie meno, nyufa, upepo na tarehe. Wakikataa, gari ibaki, na siku ile ilipwe. Wenye magari wanasema tairi mpya ni bei ghali. Tunajua, lakini wasitupandishe sisi juu ya ile ya zamani ili wapunguze hasara yao.