Kikundi Kisimwache Asiye na Hisa

Tumezoea kutenga mambo mawili ambayo hayafai kutengana. Uchumi tumewaachia wafanyabiashara na mabenki. Ustawi wa jamii tumemwachia afisa mmoja, anayebishiwa hodi na mjane aliyedhulumiwa shamba, mzee aliyetelekezwa na wanawe, na mama aliyefukuzwa nyumbani usiku pamoja na watoto. Afisa huyo hana fedha ya kuwapa. Husikiliza, huandika, hushauri, hupatanisha. Lakini aliyekuja na njaa mara nyingi huondoka nayo. Na akikata tamaa, anajua pa kwenda: kwa wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kali, watakaochukua hata kitanda.

Baina ya soko na ofisi ya serikali ipo njia ya tatu, ya watu kuungana wenyewe, nayo si ngeni kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujikusanya mwaka 1925, na kufikia 1933 walikuwa na KNCU, chama kikuu chao cha ushirika. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviona leo kila mtaa vilipata utaratibu wake Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na miaka kama kumi baadaye utaratibu huo ukafika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Dunia nayo imeamka: Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuhimiza njia hii, iitwayo uchumi wa kijamii na mshikamano.

Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kikundi anajua ulivyo. Wanachama, kati ya 15 na 30, hukaa kwa namba zao. Watunza funguo watatu husogea mbele, kila mmoja na kufuli lake, na sanduku halifunguki mmoja wao asipokuwepo. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Kisha, kabla hisa hata moja haijanunuliwa, hukusanywa mchango wa mfuko wa jamii, sawa kwa kila mtu. Ndipo zije hisa, moja hadi tano, na mihuri igongwe kwenye vitabu.

Mfuko huo mdogo ndio ninaotaka tuutazame. Mwanachama akifiwa, akiuguliwa au akiunguliwa nyumba, hapewi maneno ya pole peke yake. Hupewa fedha siku hiyo hiyo, bila riba, na pengine bila kurudisha. Watu wanaomjua ndio wanaoamua, kesho wakampikia na keshokutwa wakamtembelea. Hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii kamili, ingawa hakuna aliyeajiriwa kuifanya.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Mlango wa kikundi ni hisa, na fukara hana hisa. Mama asiyeweza kumwacha peke yake mtoto wake mlemavu hafiki mkutanoni. Aliyechelewa marejesho mara mbili hunong'onwa hadi aondoke mwenyewe. Hivyo vikundi vyetu huwafaa walio na kidogo, na kuwapita wasio na kitu, ambao ndio hasa wateja wa afisa ustawi. Hii ni aibu, nasi tunaweza kuifuta.

Afisa ustawi na atoke ofisini siku za mikutano. Yeye ndiye anayeijua nyumba isiyojulikana na kikundi. Kikundi nacho kina ujirani ambao yeye hana. Kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, ziunganishwe na vikundi mapema, ruzuku ikiwa bado inaingia. Halmashauri nazo, zinazotenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zimsikilize afisa huyo kabla ya kutoa. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya vikundi hewa na madeni sugu kubainika, ikarejeshwa 2024. Anayetembelea nyumba za watu hadanganywi na kikundi hewa.

Wala serikali isije ikajificha nyuma ya sanduku la akina mama. Mtoto aliyebakwa anahitaji polisi, daktari na mahakama. Hakuna mfuko wa jamii unaoweza kubeba mzigo huo, na si haki kuubebesha.

Viongozi wa vikundi, mgao wa akiba wa mwisho wa mzunguko ukishapita na mzunguko mpya ukianza, katiba hupitiwa upya. Hapo andikeni kifungu kimoja: kila mzunguko kikundi kitapokea wanachama wawili walioletwa na afisa ustawi, hisa zao za mwanzo zitoke mfuko wa jamii, na asiyeweza kufika mkutanoni aruhusiwe kutuma mtu. Kipitisheni kabla hisa ya kwanza haijauzwa.