Grinda si msumeno, jamani

Nilipotea kidogo, nilikuwa Butiama kwa baba mdogo. Kanunua laminati Mwanza, maboksi ya chumba kimoja tu, akaita fundi. Fundi kashuka Makutano na grinda begani. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo, lakini hiyo itaunguza." Akanijibu, "Wewe soma, kazi mwachie fundi."

Haya! Mbao tatu zikatoka na kingo nyeusi, uso umebanduka. Na pale Butiama utaongeza wapi ubao wa rangi ile ile?

Fundi mwenyewe simlaumu sana. Ila jiwe la kukatia chuma linasugua, halina meno. Laminati ndani yake ni nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na juu kuna tabaka gumu linalofanya hata meno mazuri yawe butu mapema.

Mimi nasema, kwa chumba kimoja usihangaike na mashine. Tafuta Musoma au Bunda msumeno wa mkono wenye meno madogo madogo, tena umeme ukikatika unaendelea na kazi. Huo unakata ukiusukuma, kwa hiyo uso wa ubao ukae juu. Ule wa umeme wa kushika mkononi, wenye duara, meno yake yanapanda kutoka chini, basi ubao ugeuzwe. Hapo ndipo wengi wanachemsha. Na ukutani acha milimita 8 hadi 10, ubao unatanuka bwana.

Tulimalizia kwa mkono. Zile tatu zipo chini ya kitanda, na mimi siku hizi naitwa injinia, sijui ni sifa au kejeli.