Kete Kwanza, Penseli Baadaye

"Hatuwapokei watoto wenu waje kucheza hapa. Michezo ipo mtaani, hapa ni shule." Maneno haya aliyasema mmiliki wa shule moja ya awali jijini Dar es Salaam, kwenye kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Aliyemchokoza ni mama mmoja aliyeuliza, kwa adabu zote, kama darasa la watoto wa miaka minne lingeweza kununuliwa bao, keram na drafti. Mwenye shule akamjibu kwamba bao ni la wazee wasio na kazi, na kwamba kwake yeye mtoto wa miaka mitatu anajaza a, e, i, o, u ukurasa mzima. Makofi yakarudiwa. Nilikuwepo kwa niaba ya mjukuu wangu, nami nikatoka nimefura.

Mwenye shule simlaumu sana. Anafanya biashara, na daftari lililojaa herufi ndiyo risiti anayompa mzazi aliyelipa ada. Walioniudhi ni wapiga makofi. Tunashangilia nini? Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa yote ikiwa bado ni gegedu laini, kisha inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Wa mwisho huanza kuonekana kwenye eksirei mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 12. Mkono huo ambao bado unajijenga ndio tunaoubebesha penseli na kuuamuru usitoke nje ya mstari. Mtoto anaishika penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, anakemewa, na jioni mzazi anaambiwa mwanawe ni mzito wa kuelewa. Mtoto anaelewa vizuri kabisa! Vidole vyake ndivyo havijafundishwa kazi.

Na vidole hufundishwa kwa kushika vitu. Mtazame mtoto aliyekaa mbele ya bao. Safu 4 za mashimo 8, mashimo 32, kete 64. Anachota kete saba kwa mkono mmoja, anazifumbata, halafu anaziachia moja moja, shimo kwa shimo, bila kudondosha mbili pamoja. Ili moja itoke na sita zibaki, kidole gumba lazima kiisukume kete kutoka katikati ya kiganja mpaka kwenye ncha ya kidole cha shahada, huku vidole viwili vya mwisho vikiendelea kufumbata zilizobaki. Penseli inadai mgawanyo huohuo wa kazi: vidole vitatu vinatenda, viwili vinatulia. Mtoto aliyecheza mizunguko kadhaa amerudia tendo hilo mara nyingi mno, kwa hiari yake, akicheka, wala hakuna aliyemshikia fimbo. Hilo daftari la mistari litampa nini zaidi?

Jicho nalo lina kazi yake. Kabla ya kuchota, mtoto anatafuta shimo lake lenye kete lililokabiliana na shimo la mwenzake lenye kete. Anajifunza kutambua tatu au nne kwa kutupa macho tu, pasipo kuzihesabu. Anaamua aende kushoto au kulia, na anagundua kwamba kete za shimo lilelile zikipelekwa upande mwingine zinafika mahali tofauti kabisa. Kisha anaifuata safu kwa macho bila kuruka shimo, akikisia kete ya mwisho itaangukia wapi. Walimu wanaolalamika kwamba watoto wanachanganya b na d na kuruka mistari wakati wa kusoma wangefurahi kuwapata wanafunzi wenye macho ya namna hiyo.

Sisemi mtoto wa miaka minne aanzishwe na bao la Kiswahili lenyewe, lenye hatua za namua na mtaji na kete 22 za kungoja mkononi. Lipo bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, na ndiko wengi wa Pwani walikoanzia. Asiyetimiza miaka mitatu asipewe kete kabisa, maana ataziweka mdomoni.

Kinachonishangaza ni kuona shule kama hizi zikitundika jina la Montessori kwenye vibao vyao vya barabarani. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na miongoni mwa vifaa vyake mashuhuri ni vipande vya mbao vya mviringo vyenye vishikio vidogo juu, ambavyo mtoto huvinyanyua kwa vidole vitatu na kuvirudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Mkono unaandaliwa kuandika kabla kalamu haijaonekana. Wenye shule wetu wamechukua jina la yule mama wakaviacha vifaa vyake, na badala yake wanajisifia vishikwambi, ambapo kidole kinateleza juu ya kioo bila kufumbata chochote. Wamechukua pia ada. Na mwisho wa mwaka kuna mchango wa majoho ya mahafali! Mtoto wa miaka mitano anavishwa joho na kofia ya shahada, anapigwa picha, na joho linarudishwa kwa mkodishaji jioni ileile.

Wanaotaka utafiti wanao. Mwaka 2010 David Grissmer na wenzake walichambua takwimu za maelfu ya watoto wakaona kwamba wepesi wa vidole vya mtoto anapoanza shule ni kiashiria chenye nguvu cha atakavyofanya baadaye katika hesabu na kusoma. Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini nchini Marekani mchezo rahisi wa ubao wenye namba 1 hadi 10, vikao 4 vya dakika 15 hadi 20 ndani ya wiki mbili. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yanaonyesha kwamba ufahamu wao wa namba ulipanda. Waliocheza ubao wa namna hiyohiyo wenye rangi tupu hawakupanda.

Baba mmoja alisimama kikaoni akasema bao litawafundisha watoto kamari. Kamari ya wapi? Bao halina dadu wala karata ya kufunika. Mchezo ukianza kila kete iko wazi, na aliyeshindwa ameshindwa kwa kufikiri vibaya. Kamari ya nchi hii imo kwenye simu za akina baba wanaokesha na mikeka ya mpira, na hakuna hata mmoja wao aliyeipata kwenye bao. Hao wanaotamka "wazee wa kijiweni" kwa kubeua wanasahau kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao. Mholanzi Alex de Voogt alisafiri mpaka Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, na tasnifu yake ya mwaka 1995 inauliza akili ya mwanadamu inaweza kufika wapi. Wageni wanakuja kujifunza kwa wazee wetu, sisi tunawatisha watoto wasiwasogelee.

Bei nayo isiwe kisingizio. Mafundi seremala wa Keko hawashindwi kuchonga mashimo 32, na komwe za kufanya kete zinaokotwa pwani bure. Kwa hiyo muhula huu mwenye shule akituma ujumbe wa kudai mchango wa majoho, sitatoa hata senti tano mpaka darasa la mjukuu wangu liwe na mabao mawili mezani na daftari la mistari limerudishwa kabatini hadi watoto watimize miaka sita. Wazazi wenzangu mliopiga makofi, zuieni mchango na nyinyi.