Mashine ya nyasi inunuliwe kwa saa, si kwa bei

KILA mvua za masika zinapoanza, ukoka hupanda kwa kasi, na wenye nyumba mijini huanza kuulizia mashine ya kukata nyasi ya kusukuma. Lakini hawaendi dukani peke yao. Yupo pia kijana anayetaka kuweka fyekeo pembeni na kuifanya kazi ya kukata nyasi majumbani kuwa biashara. Wote wawili huanza na swali moja: bei gani? Swali hilo ni la lazima, lakini halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza ni hili: mashine itafanya kazi saa ngapi kwa mwaka?

Mashine yenye kisu cha upana wa sentimeta 50, ikisukumwa kwa mwendo wa kawaida, hukata kiasi cha mita za mraba 1,000 kwa saa, muda wa kugeuza ukiwa umehesabiwa. Uwanja wa nyasi wa mita 15 kwa 15 humalizika kwa dakika 15 hivi. Ukikatwa mara mbili kwa mwezi, mashine itakuwa imefanya kazi saa sita tu kwa mwaka mzima. Siku zilizobaki itakaa stoo.

Kwa mfano, mashine iliyonunuliwa kwa Sh 900,000 ikitumika hivyo kwa miaka mitano, itakuwa imefanya kazi saa 30. Kila saa itakuwa imemgharimu mwenye nyumba Sh 30,000 kabla ya petroli. Mashine hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa kijana anayezunguka nyumba kwa nyumba, ikadumu saa 600, kila saa itagharimu Sh 1,500.

Maana yake ni kwamba mwenye uwanja mdogo hana sababu ya kununua injini. Anaweza kumlipa kijana mwenye mashine, au kununua kwa ushirika na majirani wanne au watano. Akitaka kukata mwenyewe, ipo mashine isiyo na injini, ambayo visu vyake huzunguka magurudumu yanaposukumwa. Mwingereza Edwin Budding aliipatia hati miliki mwaka 1830, na hadi leo hukata vizuri nyasi fupi kwenye uwanja tambarare bila kutumia hata tone la petroli.

Anayepaswa kumiliki injini ni kijana wa biashara. Hata hivyo, yeye ndiye aliye katika hatari ya kupoteza mtaji, kwa sababu mashine nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Watengenezaji wengi huelekeza oili ya injini ibadilishwe kila baada ya saa 50, au saa 25 kazi ikiwa nzito na joto likiwa kali. Kwa mwenye nyumba, hiyo ni mara moja kwa mwaka. Kwa kijana anayekata saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Oili inayohitajika ni kiasi cha nusu lita tu. Anayeona hiyo ni gharama ataua injini ya Sh 900,000 baada ya saa 200, na kila saa itakuwa imemgharimu Sh 4,500. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aidha, chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa vumbi likiingia ndani husaga injini. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. La karatasi hukung'utwa, na likichoka hubadilishwa. Petroli isiachwe kwenye tangi zaidi ya mwezi mmoja, kwani huharibika na kuziba kabureta.

Kisu butu hakikati, huchana. Siku ya pili ncha za nyasi huwa za kahawia na mteja huanza kulalamika. Kinolewe pande zote mbili kwa kiasi sawa, kisha kiangikwe kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukilalia chini, ni mzito na upunguzwe, la sivyo mtikisiko utaharibu injini. Nyasi nazo zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Vipande vifupi vikiachwa uwanjani huoza na kurudisha rutuba. Mfugaji anayevichukua kulisha ng'ombe aulize kwanza kama uwanja umepuliziwa dawa.

Zaidi ya mtaji, kuna mguu. Ni jambo la kawaida kumwona kijana akisukuma mashine amevaa ndala, na mkono wa breki umefungwa kwa kipande cha mpira ili asichoke kuushika. Mkono huo uliwekwa ili kisu kisimame pale mtu anapoachia au kuanguka. Nchini Marekani, tangu mwaka 1982 sheria inataka kisu cha mashine hizi kisimame ndani ya sekunde tatu mkono unapoachiwa. Anayeufunga ameuondoa ulinzi alioununua kwa fedha zake.

Kijana avae mabuti au viatu vya kufunika, aokote mawe kwanza na awaweke watoto mbali. Kwenye mteremko akate kwa kukingama, si kwa kupanda na kushuka. Kabla ya kugusa kisu achomoe waya wa plagi. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Vikundi vya VICOBA na SACCOS vinavyokopesha vijana fedha za mashine vina nafasi ya kusaidia hapa. Mkopo usiishie kwenye bei ya dukani. Ujumuishe oili ya miezi mitatu ya kwanza, kisu cha akiba, chujio na mabuti, na mkopaji aonyeshe daftari la saa za kazi kila anapoleta marejesho. Kabla ya kulipa, aulize pia kama vipuri vya mashine hiyo vinapatikana mjini kwake.

Mashine inayotunzwa hivyo italipa deni lake na kubaki na faida. Isiyotunzwa itakufa kabla ya marejesho kwisha, na kijana atarudi kwenye fyekeo akiwa na deni ambalo hakuwa nalo alipoliweka pembeni.