Aliyekuja kusaidia alikuwa adui

Na Salma Mwinyikombo

Lasse Collin wa Finland ameitunza programu ya xz kwa miaka mingi bila malipo. Kazi ya programu hiyo ni kubana mafaili yapungue ukubwa. Ni programu ndogo, ila imo katika mifumo mingi ya Linux inayoendesha seva duniani kote.

Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama: mbona matoleo mapya yanachelewa, mbona humwachii mwingine? Akawajibu wazi kwamba afya yake ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba kazi hii anajitolea tu. Penye kelele hizo alikuwepo mpole mmoja, aliyejiita Jia Tan, ambaye tangu 2021 alikuwa akileta marekebisho ya maana. Akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mapema 2024 akachomeka humo mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliufichua Machi mwaka huo. Kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kukichelewa kama nusu sekunde, naye hakutulia mpaka ajue kwa nini.

Linaloniuma ni hili: makampuni makubwa yalikuwa yakiitumia xz kila siku, na aliyejitokeza kumpokea Collin mzigo akawa adui. Adui huyo aliwajua vizuri watu wa programu huria kama xz, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wanapenda kutegua fumbo, wanaona fahari kazi ikitoka safi, na wana kiu ya mwenzao anayeielewa kazi hiyo. Akaitumia kiu hiyo.

Fedha zinahitajika, sikatai. Kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilipofichuka 2014 ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya siri mtandaoni, ilijulikana kwamba programu hiyo ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Lakini fedha pekee hazisomi msimbo. Anayeusoma ni mtu, na mtu huyo anahitaji muda.

Nasi tumo. Wizara za afya za Kenya na Tanzania hukusanya takwimu za vituo vyao kwa DHIS2, ambayo ni programu huria. Basi benki na kampuni za simu zetu ziwape wahandisi wao siku moja kila wiki, ndani ya saa za kazi, wazihudumie programu wanazozitegemea. Vyuo vikuu navyo viihesabu kazi hiyo katika alama za mwanafunzi, kuanzia muhula ujao.