Simu ya mama, sahani ya mtoto: hesabu ya Muthurwa

Siku hizi kila mzazi hupewa ushauri ule ule: mnyime mtoto simu, mlishe mboga. Ushauri mzuri, ila umetungwa kwa nyumba yenye ua na mtu wa kushinda na mtoto. Muthurwa hakuna ua, na mtu huyo yuko sokoni.

Mtaa huo ulijengewa wafanyakazi wa reli, reli hiyo hiyo iliyoanzia kwetu Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Nyumba ni za safu, familia chumba kimoja, bomba na choo ni vya wote. Mwaka 2008 likafunguliwa soko la wachuuzi ubavuni, na matatu nazo zikaja. Miaka miwili baadaye wapangaji walikuwa mahakamani wakipinga kufurushwa. Mama anayeuza nyanya hapo hawezi kumwachia mtoto barabara. Humwachia simu.

Na simu yenyewe mara nyingi ni moja nyumba nzima. Ndiyo kasha la duka, kwa kuwa wateja hulipa kwa M-Pesa. Ndiyo Fuliza siku mauzo yakilala. Ndiyo daftari la shule pia, maana mwalimu hutuma kazi kwa WhatsApp na mzazi atajua mwenyewe pa kuichapisha. Basi mtoto huipata lini? Jioni, mama akishageuka kwenye jiko. Yaani saa ya kula. Ndiyo maana ugomvi wa simu na ugomvi wa chakula, katika chumba kama hicho, ni ugomvi mmoja.

Tuseme ukweli, jambo hili si la Nairobi peke yake. Mji wa Kale, Likoni, Malindi, mtoto hufunguliwa katuni ili naye afungue mdomo. Tonge hupita, macho yako kwingine, na mtoto hajui kama ameshiba au bado. Siku bando likiisha, hali. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Saa moja ni ngumu kwa mama wa Muthurwa, na simlaumu. Lakini kama kuna dakika za kuikomboa simu, ni zile za sahani. Aiweke chaji, basi. Kwetu mtoto alijifunza kula kwenye sinia: ale upande wake, angoje wenzake, amwone mkubwa akila mchicha bila kubembelezwa. Sinia halihitaji ua.

Mchana ni hesabu nyingine. Mama ametoka alfajiri, mtoto ana shilingi 20 mfukoni, na njiani kuna chipsi na smoki pasua. Tangu 2023, katika shule za umma za Nairobi, mpango wa Dishi na County humpa mtoto sahani ya moto kwa shilingi 5, wali kwa maharagwe au ndengu, ambazo sisi twaziita pojo. Mzazi huweka pesa kwa M-Pesa, mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine, anapakuliwa. Simu ile ile tunayoilaani jioni ndiyo imemlisha mchana, na mama amepunguziwa uamuzi mmoja ambao hakuwa na nafasi ya kuufanya vizuri.

Hapo ndipo naona mjadala wetu wa Pwani unapotea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa ni asilimia 18 nchini, na Kilifi asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Hao ni wa chini ya miaka mitano. Wengi wao hawachagui chakula, na hawana katuni ya kuwashawishi. Kumhubiria mama wa Ganze au Magarini kuhusu skrini kabla ya kuuliza kilichomo chunguni ni kumsomea barua ya mtu mwingine. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya chekechea, na bajeti zao hupitishwa kabla ya Juni kuisha. Swali la kupeleka kwenye vikao vya umma ni sahani ya mtoto wa chekechea imetengewa shilingi ngapi, na nani atapika.